Namna ya kuwapeleka watu wa bilding yenu wakachanjwe mafua kabla baridi haijashika

Nawaandikia nyinyi mnaokaa kwenye maapatimenti ya hapa Columbus, Ohio, hasa upande wa Northland, Morse Road na Cleveland Avenue, kule ambako bilding moja unakuta Mkongo wa Kivu, Msomali, Mnepali aliyetokea Bhutan, mama wa Mexico na siku hizi Wahaiti nao wapo, afu wote tunashika kitasa kimoja cha mlango na tunafua kwenye mashine zile zile. Kama upo Louisville au Houston au Minneapolis soma tu, mengi yanafanana.

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nasaidia mambo ya chanjo mtaani kwetu na kuna kitu nimekiona wazi kabisa, tangazo halimpeleki mtu kuchanjwa. Flaya inabandikwa pale chumba cha kufulia, imeandikwa Kiswahili kizuri tu, watu wanaipita wiki nzima. Anayempeleka mtu ni mtu. Binti akimwambia mama yake mdogo "Jumamosi saa nne nakupitia, twende wote, na mimi nachomwa", mama mdogo anavaa koti wanaenda. Kwa hiyo maelekezo haya ni ya wewe ambaye watu wanakuamini, hauhitaji kuwa nesi, unahitaji tu kujua vitu vichache vizuri na kuwa na moyo wa kufuatilia.

Jua haya kwanza ndo uongee na watu

Mafua tunayoyazungumzia hapa ni influenza, siyo yale ya pua kutiririka siku tatu na bado unaenda kazini. Haya yanakuja ghafla, asubuhi mzima jioni una homa kali, kichwa, viungo vyote vinauma, kikohozi kikavu, na unaweza kulala wiki nzima. Wengi wanapona wenyewe. Lakini kwa Marekani peke yake CDC, yaani idara ya serikali ya kudhibiti magonjwa, wanakadiria tangu 2010 yameua kati ya watu 6,300 na 52,000 kila mwaka, inategemea msimu ulikuwa mbaya kiasi gani. Msimu wa 2024 kwenda 2025 ulikuwa mbaya sana, waliripotiwa watoto 280 waliofariki, na kwa wale ambao taarifa zao za chanjo zinajulikana karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Hiyo namba mimi huwa naitaja kwa wazazi, siitaji kwa kutisha mtu, naitaja kwa sababu mzazi ana haki ya kuijua.

Na jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ripoti ya CDC ya 2022 ilionyesha watu wazima weusi wanalazwa hospitali kwa mafua karibu mara 1.8 ya wazungu. Msimu wa 2021-2022 wazungu waliochanjwa walikuwa asilimia 54, weusi asilimia 42, Walatino asilimia 38. Sababu ni nyingi, bima, kazi za kusimama na watu wengi, nyumba zilizojaa, kliniki zisizoongea lugha yako, historia pia. Zingine hatuwezi kuzitatua sisi lakini pengo la chanjo tunaweza kulipunguza mlango kwa mlango.

Kwa nini kila mwaka? Hili swali utaulizwa na kila mtu kwa hiyo jibu lako liwe fupi. Kirusi cha mafua kinabadilika badilika, kila Februari Shirika la Afya Duniani wanakaa wanaangalia aina zipi zinazunguka duniani wanapendekeza zipi ziwekwe kwenye chanjo ya msimu unaokuja kwa upande wetu huu wa kaskazini. Afu pia kinga yenyewe inashuka baada ya miezi. Basi, inatosha. Kuna watu wetu wengi wanasema "mimi nilishachomwa ile wakati wa green card". Ni kweli, wanaofanya vipimo vya green card kipindi cha baridi huwa wanachomwa ya mafua pamoja na zingine, lakini hiyo ilikuwa ya msimu ule. Surua na nyingine ulizochomwa siku ile zinadumu miaka mingi, hii ya mafua hapana. Ukimweleza mtu hivyo taratibu wengi wanaelewa palepale, kumbe walikuwa hawakatai, walikuwa wanajua wameshamaliza.

Muda wake

Septemba na Oktoba ndo wakati mzuri, mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga na mafua yenyewe mara nyingi yanapanda kuanzia Desemba mpaka Februari. Sasa wewe unayepanga anza kuongea na watu mwisho wa Agosti, manake kati ya kuongea na mtu na yeye kukubali zinapita wiki.

Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 8 ambao ni mara yao ya kwanza wanahitaji dozi mbili, zimeachana angalau wiki 4. Hapa ndo watu wengi wanapotea, mtoto anachomwa moja mzazi anajua imeisha. Familia zilizofika karibuni kutoka kambi za Nyarugusu au Nakivale au Dadaab, watoto wao wa umri huo karibu wote wapo kwenye kundi hili, kwa hiyo hao waanze mapema kabisa, Septemba, ili ya pili iangukie Oktoba.

Na wale wanaosafiri Desemba kwenda nyumbani, Dar, Bujumbura, Nairobi, popote, wachome angalau wiki mbili kabla ya ndege. Kenya mafua yanazunguka mwaka mzima kwa hiyo hata kama unakwenda kwenye joto bado yapo, na mle ndani ya ndege mpaka Addis au Doha unakaa na watu masaa mengi.

Pesa na karatasi

Hofu ya kwanza ya watu wetu ni bili. Mtu amewahi kuletewa bili ya ambulensi na tangu siku hiyo hataki kusikia chochote cha hospitali, na mimi simlaumu. Kwa hiyo uwe na majibu kamili.

Mwenye bima ya kazini, bima nyingi zinalipia chanjo ya mafua yote, hautoi kitu, ila uende kwenye famasi au kliniki ambayo bima yako inafanya nayo kazi. Mwenye Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, tangu Oktoba 2023 chanjo zinazopendekezwa kwa watu wazima zinalipiwa bila mtu kudaiwa. Wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, ipo kwenye sehemu yake inayoitwa Part B, hawalipi. Watoto chini ya miaka 19 wenye Medicaid au wasio na bima wanapata dawa yenyewe bure kupitia mpango unaoitwa Vaccines for Children, upo tangu 1994, kliniki inaweza kudai hela kidogo ya kuchoma lakini kama hauna haitakiwi kumrudisha mtoto kwa sababu hiyo. Mtu mzima asiye na bima kabisa mpeleke idara ya afya ya jiji, Columbus Public Health pale Parsons Avenue, au kwenye zile kliniki za jamii zinazopanga bei kufuata kipato, na upige simu kabla uulize wana siku gani na gharama ni nini. Usiende kwa kubahatisha na mzee wa watu kwenye basi mbili, akifika akaambiwa leo hakuna ndo umempoteza.

Wazazi wanaokuja kutembea na viza hao nao mara nyingi hawana bima ya hapa. Uliza bei famasi mbili tatu kwa simu, zinatofautiana.

Karatasi: wanachotaka ni jina, tarehe ya kuzaliwa, kadi ya bima kama ipo. Hawahitaji kujua uliingiaje nchini ili wakuchome. Fomu inauliza maswali ya afya, una aleji, una mimba, unaumwa leo. Kama kwenye fomu kuna sehemu ya sosho, yaani namba ya Social Security, na mtu hana au hataki kuandika, aulize kwanza kama ni lazima kabla ya kuondoka kwa woga. Mimi kabla ya siku yenyewe naenda mwenyewe pale famasi naomba fomu, nasoma, nikirudi nawaambia watu maswali yaliyopo moja moja. Hii peke yake inaondoa hofu nyingi sana.

Mkalimani siyo mtoto wako

Hospitali na kliniki zinazopokea hela za serikali zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, sheria ya haki za raia ya 1964 ndo msingi wake. Mara nyingi ni wa simu. Ukifika sema tu "Swahili" na uonyeshe sikio, wataelewa, au waambie wakati wa kuweka apointimenti. Tafadhali msimtumie mtoto wa darasa la nne kumtafsiria mama yake mambo ya mimba na magonjwa, mtoto hajui hayo maneno hata kwa Kiswahili.

Jambo moja la kwetu hapa, wakalimani wengi wa simu wanaongea Kiswahili cha Kenya au Tanzania na mama wa Fizi au Uvira saa zingine anakubali tu kila kitu "ndiyo, ndiyo" na hajaelewa nusu. Mwambie mapema kwamba anaruhusiwa kusema sijaelewa, na anaruhusiwa kuomba mwingine, au kuomba Kifaransa au Kinyarwanda kama ndo kinampanda vizuri. Wazee wengine ni Kibembe tu, hao nenda nao mwenyewe au tafuta mtu wa kwao.

Na usijaribu kuwa msemaji wa bilding nzima. Msomali amsikilize Msomali, Mnepali amsikilize Mnepali. Kazi yako ni kutafuta mtu mmoja kwa kila lugha, mara nyingi ni mwanamke ambaye watoto wa wenzake wanashinda kwake, mgongee, kunyweni chai, mwambie unachotaka kufanya na muulize yeye watu wake wanaogopa nini. Usimpe flaya akabandike. Muombe arekodi voisi ya dakika moja kwa sauti yake na lugha yake aitume kwenye grupu lao la WhatsApp, aseme siku, saa, mahali, bei, na kwamba yeye mwenyewe anaenda. Voisi ya mtu unayemjua unaisikiliza mpaka mwisho. Ujumbe ulioandikwa na mashine ya kutafsiri watu wanautambua haraka na wanaona hakuna aliyewajali.

Kusikiliza kabla ya kujibu

Hapa ndo pana kazi yenyewe na hapa ndo wengi tunaharibu, kwa sababu mtu akisema hofu yake sisi tunakimbilia kumsahihisha. Mwache aseme mpaka amalize. Muulize ilikuwaje. Mara nyingi nyuma ya neno la hasira kuna kisa cha kweli, kliniki ilimdharau, au kuna mtu wake alichomwa sindano kambini akavimba na hakuna aliyemwelezea.

"Nilichomwa afu nikaumwa mafua." Utalisikia sana hili. Sindano ya mafua haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua, lakini usimwambie hivyo kama unamwita mwongo. Mwambie inawezekana kabisa uliumwa, manake mkono unauma, na siku moja au mbili watu wengine wanapata homa ndogo na uchovu, hiyo ni mwili unajenga kinga. Inawezekana pia uliyapata mafua ndani ya zile wiki mbili kabla kinga haijakaa, au ulipata kirusi kingine cha baridi ambacho chanjo hii haihusiki nacho, na vipo vingi. Na usidanganye kwamba ukichanjwa hauumwi kabisa. Miaka ambayo chanjo imeendana vizuri na virusi vinavyozunguka inapunguza kwa asilimia 40 mpaka 60 uwezekano wa mtu kuumwa mafua mpaka aende kwa daktari, na wanaoumwa pamoja na kuchanjwa mara nyingi hawafiki kulazwa. Mtu akisikia namba ya ukweli hata kama ni ndogo anakuamini zaidi ya anayemwahidi mia kwa mia.

"Wanataka kutufunga uzazi" au "wanatufanyia majaribio sisi weusi." Usicheke na usikasirike. Majirani zetu Wamarekani weusi wana sababu, kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali iliwaacha wanaume weusi na kaswende bila kuwatibu ili waangalie ugonjwa unavyoenda, hiyo imeandikwa na imekubaliwa. Kwa hiyo anayeogopa siyo mjinga. Ninachowaambia ni kwamba chanjo hii ni ile ile anayochomwa mzungu wa Dublin na Upper Arlington, vitongoji vya hapa pembeni ya Columbus, kutoka boksi zile zile, mamilioni ya watu kila mwaka, na kwa wajawazito inashauriwa hasa kwa sababu inamkinga mama na kinga inavuka kwa mtoto. Afu namtafutia mama wa kwetu aliyechomwa akiwa na mimba na mtoto wake anakimbia pale parking, waongee wenyewe. Mimi nanyamaza.

"Ina nguruwe." Hili ni swali la haki kabisa na jibu lake lipo. Ile chanjo ya kupuliza puani, FluMist, ina jelatini ya nguruwe. Sindano za kawaida za mafua zinazotumika hapa hazina jelatini, kwa hiyo anayejali hilo aombe sindano na amwambie famasia asome orodha ya vilivyomo, yupo pale kwa kazi hiyo. Ongea na imamu mapema, mwambie hivyo hivyo ulivyojua bila kuficha ya puani, na akikubali kutangaza baada ya swala ya Ijumaa umepata msaada mkubwa kuliko wiki nzima ya kugonga milango. Na kwa sababu miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, kipindi ambacho mafua bado yapo, watu wataulizia kuhusu funga, wanazuoni wengi wanasema sindano ya msuli isiyo na lishe haifunguzi lakini acha imamu awajibu watu wake mwenyewe.

"Mungu ndiye mlinzi." Amina, mimi pia naamini hivyo. Nasema tu kwamba sisi hawa tunaosali ndo tunafunga mkanda wa gari na tunapeleka watoto kliniki. Usibishane na imani ya mtu mlangoni kwake. Nenda kwa pasta, muombe siku ya Jumapili achanjwe mbele za watu pale pale kanisani kama famasi imekubali kuja.

"Tangawizi na limao zinatosha", na wengine kujifukiza na mwarobaini. Vitu vya moto vinalegeza kifua na koo, endelea navyo, ila kwa mvuke chunga watoto wasiungue. Chanjo haikukatazi chai ya tangawizi.

Hatari za kweli nazo ziseme. Kuna ugonjwa wa neva unaitwa Guillain-Barré unaoweza kutokea kwa mtu mmoja au wawili kwa kila milioni ya waliochomwa, na mafua yenyewe nayo yanaweza kuuleta. Aliyewahi kuupata aongee na daktari kwanza. Aleji kali ni nadra sana, inakuja haraka ikija, ndo maana tunamwomba mtu akae dakika 15 pale pale kabla hajaondoka. Mwenye aleji ya mayai siku hizi anachomwa kama wengine.

Siku yenyewe

Famasi nyingi zinakubali kuja na kuchoma watu kanisani, msikitini, kwenye ofisi ya maapatimenti ama senta ya jamii, ukiwahakikishia idadi ya watu. Idara ya afya nayo unaweza kuiomba. Piga simu Agosti. Wakiuliza lugha waambie zote, na waambie walete fomu kabla. Kama hawaji basi mnaenda nyie, gari tatu za watu wanaojuana zinatosha.

Panga saa kwa kufuata shifti. Watu wetu wengi wapo kwenye mawehausi, shifti ya pili na ya tatu, ukiweka Jumanne saa tano asubuhi umewakosa waliotoka usiku na wapo wamelala. Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada ni nzuri. Na mwambie kila anayebeba maboksi achome jioni ya kuamkia siku ya ofu, na achome mkono asioutumia sana, manake mkono utauma siku moja mbili na akiambiwa mapema hashtuki. Hii ni ndogo lakini ndo inafanya mtu arudi mwaka unaofuata.

Avae shati la mikono mifupi ndani ya koti. Ale kwanza. Mama aje na watoto wote mara moja, ila famasi zina umri wa chini ambao hawachomi, wadogo wanapelekwa kwa daktari wao, ulizeni kabla. Wenye miaka 65 na kuendelea waombe ile ya wazee, ipo yenye dozi kubwa na nyingine zilizoongezwa nguvu, wasikubali tu ya kawaida kama ile ipo. Wewe uchomwe wa kwanza mbele yao. Weka chai na mandazi, sambusa, chochote, watu wakae zile dakika 15 wakiongea, hapo ndo wale waliokuja kuangalia tu wanaamua.

Andika majina ya watoto wanaohitaji dozi ya pili na tarehe yao palepale, kwenye daftari lako, na namba za wazazi kama wamekubali. Daftari likae kwako, usilipige picha kutuma kwenye grupu.

Mambo ya nyumbani na kwenye mikusanyiko

Chanjo peke yake haitoshi kwa maisha tunayoishi, watu saba kwenye vyumba viwili. Mtu aliyepata mafua anaanza kuambukiza kama siku moja kabla ya kujisikia vibaya na anaendelea siku 5 mpaka 7, watoto hata zaidi. Kwa hiyo akianza homa apewe chumba au hata kona yake, kikombe na taulo yake, avae maski mtu akiingia, na dirisha mlifungue dakika chache mara kadhaa kwa siku hata kama nje kuna theluji, hewa ibadilike. Najua umeme na gesi ni hela. Dakika chache tu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kuchanjwa, anayemkinga ni mama aliyechomwa akiwa mjamzito na nyinyi wote mnaombeba. Waambieni wageni wa kuja kumwona mtoto wanawe kwanza, na mwenye kikohozi atume salamu kwa simu. Mila yetu ya kumpa kila mgeni mtoto ampakate ni nzuri, mwezi wa Januari tuisogeze mbele kidogo.

Msiba na matanga, hapo ndo tunaambukizana hasa, watu hamsini sebule moja, mikono na kukumbatiana usiku kucha. Jagi na beseni la kunawa tunalo kwenye mila, liwekwe mlangoni na sabuni siyo tu wakati wa chakula, sekunde 20 kwa sabuni. Vikombe vya karatasi andikeni majina. Mnaokohoa kaeni karibu na mlango na maski. Wakatoliki na wengine mnaonywea kikombe kimoja, ongeeni na padri kwa kipindi cha baridi.

Kukohoa ni kwenye kiwiko, watoto wanajua kutoka skuli, wanaohitaji kufundishwa ni sisi wakubwa.

Mtu akishaumwa

Kuna dawa ya mafua, Tamiflu na zingine, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa hiyo mjamzito, mzee, mtoto wa chini ya miaka 5 hasa chini ya 2, mwenye pumu, kisukari, moyo, figo, siko seli, asisubiri wiki aone itakuwaje, apige simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Antibayotiki haziui kirusi, zile amoxicillin mlizobeba kutoka nyumbani ziacheni. Mtoto asipewe aspirini kabisa akiwa na mafua, inaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo, tumieni Tylenol au ibuprofen kwa kipimo cha uzito wake, na wa chini ya miezi 6 asipewe ibuprofen bila daktari.

Abaki nyumbani mpaka homa iishe yenyewe bila dawa kwa angalau saa 24. Najua kazini kuna pointi za kukosa kazi na kuna rent, kwa hiyo ukienda kwa daktari omba barua ya kazini siku hiyo hiyo kabla hujatoka, watu wengi wanakumbuka wakiwa wameshafika nyumbani.

Piga 911 ukiona mtoto anapumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani, midomo ya bluu, hajakojoa saa 8, haamki vizuri, degedege, au homa iliyoshuka ikarudi kwa nguvu na kikohozi kimezidi. Mtoto wa chini ya wiki 12 homa yoyote ni dharura. Mtu mzima akishindwa kuvuta pumzi, kifua kinabana, anachanganyikiwa, hivyo hivyo piga. Pale kwenye simu nako sema lugha yako, wanaunganisha mkalimani. Bili itazungumzwa baadaye, hospitali nyingi zina fomu ya msaada kwa wasio na uwezo na tutaijaza pamoja.

Kama mmechelewa, yaani ni Januari na bado kuna milango haijafunguka kwako, endelea. Mafua yanaweza kuendelea mpaka Mei na famasi bado zina chanjo. Wale waliokataa Oktoba wengine wamebadilika kwa sababu wameona jirani alivyoumwa, mpigie simu umsalimie kwanza, uliza watoto, afu mwambie kuna nafasi kwenye gari Jumamosi hii. Akisema hapana mwambie sawa, na Jumamosi asubuhi mtumie ujumbe mwingine kwamba mnatoka saa nne, kiti kipo.